Nataka kuhamisha kanga za marehemu shangazi kutoka mtandao wa picha niziweke kwenye tovuti yangu. Nani ameshafanya hivi?

BintiSanduku (Tanga)

Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kanga. Hakuwa muuzaji, alikuwa mvaaji. Alipofariki aliacha masanduku mawili ya bati na kabati zima, na ukitoa zilizogawiwa siku ya arobaini, kwangu zimebaki doti kama mia tatu. Ziko ambazo hazijakatwa hadi leo, bado zina ule ukavu wa dukani. Ziko zilizofuliwa mpaka jina unalisoma kwa kukisia. Habari za nyingi ninazijua kwa sababu alikuwa akinisimulia mwenyewe: hii nilitunzwa harusini kwa fulani, hii babu yako aliileta kutoka Mombasa, hii niliinunua asubuhi nikaivaa jioni kumjibu jirani.

Nikaanza kuziweka kwenye mtandao mmoja wa picha. Naitandaza kanga ukumbini, napanda kwenye stuli, napiga, halafu chini naandika jina na kisa chake. Watu walipenda. Wafuasi wakafika karibu elfu tisa, wengine wako Oman, wengine Uingereza na Canada.

Sasa mtandao wenyewe umebadilika. Picha iliyotulia haifiki kwa watu, wanataka video. Nikaweka moja, nakunja kanga huku taarabu inalia kwa mbali, akaunti ikafungiwa siku kadhaa eti hakimiliki ya muziki, na hakuna binadamu wa kumpigia simu. Wafuasi wananiuliza "dada mbona umeacha?" wakati jana tu nimeweka. Kuna duka limechukua picha zangu, linapokea oda za kanga ambazo hata mimi sina ya pili yake, na waliotapeliwa wananitukana mimi.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kinachonichosha ni kwamba vitu havipatikani. Juzi dada mmoja kaniuliza kama ninayo "Japo sipati tamaa sikati". Ninayo, na niliieleza vizuri sana mwaka juzi. Nikaanza kushuka na kidole kuitafuta, nikashuka, nikashuka, mpaka chaji ikaisha. Kazi yangu imefukiwa na kazi yangu mwenyewe.

Ninachotaka ni mahali ambapo kanga zimepangwa. Kwa herufi ya kwanza ya jina, au kwa rangi, au kwa mahali ilipochapwa. Mtu akitaka visutu vyote, zile kanga za maharusi, avione pamoja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, laptopu ya zamani ninayo, kuandika naweza, mambo ya kompyuta ya ndani ndiyo sijui. Itanigharimu nini? Nitapoteza watu? Ile akaunti niifunge au niiache? Na kuna mwalimu mwenzangu ananitisha na habari za leseni, eti nitashikwa.

---

Kisiki_Kibichi

Ngoja waje wajuzi. Mimi naweka kiti hapa, mama yangu ana kabati la namna hiyo hiyo na kila mwaka linaongezeka.

---

MzeeWaBando (Mwanza)

Dada, wengine watakupamba, mimi nitasema kweli. Hakuna atakayekuja.

Nauza vocha stendi, kwa hiyo naona watu wananunua nini. Wengi wananunua bando la mitandao ya kijamii kwa sababu ndilo rahisi. Bando hilo likiwa hai, WhatsApp inafunguka na mtandao wako wa picha unafunguka. Bonyeza linki ya kwenda nje uone: kiduara kinazunguka tu. Mteja wangu hajui kwamba bando lake halina ruhusa ya kutoka, yeye anasema "mtandao wa huyu dada mbovu" na hajaribu tena. Kwa mtu huyo tovuti yako haipo duniani.

Halafu hakuna binadamu anayekaa akasema leo ngoja nitembelee tovuti. Watu wanafungua programu moja na kula kinacholetwa.

La mwisho ndilo kubwa. Ukiweka picha kule unapata "mashallah" ndani ya dakika mbili. Kwenye tovuti utaongea peke yako. Mimi nazikumbuka zile blogu za kuanzia 2005 na kuendelea, Michuzi alipoanza ya kwake kila mtu akataka ya kwake. Leo kazifungue. Posti ya mwisho ya nusu yake inasema "Samahani wadau nilikuwa kimya kidogo, sasa nimerudi rasmi."

---

BintiSanduku

Mzee wangu, la bando hilo sikuwa nimelifikiria kabisa, ahsante. Ila mashallah ninazo za kutosha. Sasa nataka kanga zionekane.

---

FundiCherehani_Moro (Morogoro)

Dada, mimi ni fundi cherehani, si mtu wa kompyuta, kwa hiyo nakwambia ninayoyaishi.

Nina tovuti yenye kurasa arobaini hivi. Kila ukurasa ni ugonjwa mmoja wa cherehani: inaruka, inakata uzi, inakusanya uzi chini, haivuti kitambaa. Mitandao niliiacha, nikabakiza WhatsApp ya kazi. Kule nilikuwa najibu swali lile lile kila siku kwa mtu mpya, na jibu la jana halimsaidii wa leo kwa sababu halioni. Sasa mtu yuko Songea, Butterfly yake inaruka, anaandika kwenye Google "cherehani inaruka uzi" na ananikuta. Nimelala, yeye anafungua bobini. Ukurasa nilioandika siku nyingi bado unaniletea simu. Kule ulichoandika Jumatatu, Alhamisi ni maiti.

MzeeWaBando yuko sahihi kuhusu bando, sibishani naye. Ila jiulize ni nani anayetafuta kanga kwa jina lake. Huyo hapitishi muda. Anataka kumtunza mama yake ile aliyokuwa nayo zamani, au anaandika kitabu, au yuko ughaibuni amekumbuka kitu. Huyo atanunua bando la kawaida. Wale wa kusema mashallah na kupita, waache wabaki huko huko, si vibaya.

Kwa hiyo usiifunge akaunti. Ibadilishe kazi. Kanga mpya ianze kukaa kwako, na maelezo yake yote, halafu kule upeleke picha moja na mstari mmoja unaosema kisa kizima kiko wapi. Picha za kule ziandike anwani ya tovuti yako juu ya picha yenyewe, katikati kwenye mji wa kanga, si pembeni. Mwizi atakata pembe lakini hawezi kukata mji akabaki na kanga ya kuuza.

Sasa kabla hujajenga chochote, vuna kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta mahali pa kupakua taarifa zako, omba nakala nzima. Watakuandalia faili, litakuja kwa barua pepe. Litakuwa na picha zako na maneno yako. Maneno ambayo watu wamekuandikia chini ya picha hutayakuta humo. Kama kuna mtu alikueleza kanga fulani ilitoka mwaka gani au ilivaliwa na nani, hilo utalinakili kwa mkono, moja moja, au upige picha ya skrini. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo watu wanairuka. Usiiruke.

Na picha zenyewe, kama bado unazo kwenye simu, tumia za simu. Mitandao ya picha imekuwa ikizikandamiza mpaka upana wa pikseli 1,080 hivi. Kwa uso wa mtu inatosha. Kwa kanga yenye upana wa mita moja na nusu, jina litasomeka, lakini pindo linakuwa tope.

Gharama. Jina la tovuti, yaani domeni, ndilo utakalolipia kila mwaka. Kuna .co.tz wanayoijua watu wote, na kuna .me.tz iliyowekwa kwa ajili ya watu binafsi. Mimi nalipa chini ya elfu thelathini. Sikiliza hapa vizuri: lisajiliwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako wewe, si ya kijana anayejua kompyuta. Kijana ni mzuri, lakini ataoa, atahamia Dubai, na siku ya kulipia ikifika ujumbe wa kukumbusha unaenda kwake.

Mahali pa kuiweka unaweza usilipe kitu. Tovuti yako ni kurasa na picha, haina cha kuhesabu wala kuuza, kwa hiyo HTML tupu, yaani lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, inakutosha. Neocities wanatoa nafasi ya gigabaiti moja bure, ila ukitaka kutumia domeni yako mwenyewe kule unalipia. GitHub Pages nao kikomo ni gigabaiti moja, na domeni yako wanaikubali bure, ila mwanzo wake una maneno mengi ya kutisha. Mwite kijana hapo kwa siku moja, akuonyeshe huku wewe ndiye umeshika kipanya.

Fanya hesabu ya picha. Simu inapiga picha ya megabaiti nne. Zidisha kwa kanga mia tatu, imekuwa megabaiti 1,200, umeshapita gigabaiti na hujaweka neno hata moja. Punguza upana uwe pikseli 1,200, picha itashuka mpaka kilobaiti 200 hivi, mia tatu zinakuwa megabaiti 60. Zile kubwa ziweke kwenye diski ya nje, na nakala ya pili kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Si chumba kingine, nyumba nyingine.

Jina la kanga liandike kama maandishi, usitegemee lile lililo kwenye picha. Kwa mashine za kutafuta, mara nyingi zile herufi za kwenye kitambaa ni mchoro tu. Na faili usiliache linaitwa IMG na tarakimu zake, liite wema-hauozi.jpg. Kama kiwandani walikosea herufi, na wewe unajua kuliko mimi jinsi wanavyokosea, andika lilivyo kwenye kitambaa na pembeni linavyotamkwa, maana mtafutaji anaweza kuandika vyovyote.

Mtu atakuja kukwambia hao wa bure nao wanaweza kufunga. Ni kweli. GeoCities ilikuwa na kurasa za mamilioni ya watu, Yahoo wakaifunga 2009. Google+ ilizimwa 2019, na hao ni Google. Lakini ukiwa na mafaili yako kwenye diski na domeni kwa jina lako, anayekuweka akifunga unahamia kwa mwingine alasiri moja, na aliyekuwa na anwani yako hajui hata kama umehama. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ule wa CERN wa 1991, wenyewe waliurudisha hewani 2013 kutoka nakala ya zamani, na unafunguka kwenye simu yako leo hii. Ni HTML tupu.

Mashallah haziji, hilo sikudanganyi. Kwangu hakuna hata mahali pa kuandika maoni. Nimeweka namba ya kazi, basi. Wanaopiga ni wachache na wote wana cherehani mbovu mbele yao.

---

Mama_Kibokoni (Mombasa)

Asalaam aleikum mwanangu. Mimi ni mmoja wa hao elfu tisa, huandika mara moja moja, si sana kwa sababu ya macho.

Fundi amesema maneno ya maana lakini lile la mwisho silikubali. Cherehani haina watu nyuma yake. Leso, nyinyi mwaita kanga, ina watu. Ile uliyoweka ya "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", chini yake tulibishana siku mbili. Mmoja akasema ilitoka wakati wa ugomvi fulani wa mjini, mwengine akasema la, ilikuwako kabla, mamake aliolewa nayo. Mabishano hayo ndiyo elimu yenyewe. Ukihamisha leso ukaacha maneno, umehamisha kitambaa. Kwa hivyo lile la kunakili kwa mkono nalitilia mkazo.

Huko uendako fanya hivi. Sisi wa umri huu hatuandiki, tunasema. Weka namba yako chini ya kila leso, tutakutumia sauti kwa WhatsApp. Wewe mwalimu, sikiliza uandike, uweke chini ya leso yake: "Mama mmoja wa Mombasa asema hivi." Jina usiweke mpaka uulize.

Na kuhusu kupanga, angalia maandishi madogo pembeni mwa leso. Ukiona K.H.E. na "Mali ya Abdulla", hiyo ni ya Kaderdina Hajee Essak, duka la hapa kwetu Mombasa, wapo tangu 1887, mtaa wa Biashara Street. Hizo zipe kundi lao peke yao. Za babu yako nyingi zitaangukia hapo, nadhani. Na zile za zamani zenye jina kwa herufi za Kiarabu, kama shangazi alikuwa nazo, usizifue tena mwanangu, na jua lisizione.

Jambo jengine, na hili ndilo lililonifanya nivae miwani niandike. Umesema shangazi alivaa leso kumjibu jirani. Kule ulikosimulia mambo haya, baada ya wiki yamezama. Fundi anakwambia uyaweke mahali ambapo Google itayaona miaka yote. Basi fikiri. Leso nyingi zilivaliwa kumpiga mtu kijembe, na aliyepigwa ana wajukuu, na wajukuu wana simu. Tanga si kubwa.

---

Mtrah_wa_Kale (Maskati)

Mama yangu yuko hapa Maskati, kazaliwa Unguja. Tovuti hafungui, hajui ni kitu gani. Lakini nikimtumia linki kwenye WhatsApp anabonyeza, na akiona kanga anampigia dada yake, na siku hiyo chakula kinachelewa.

Ombi langu kwa hiyo ni kwamba kila kanga iwe na ukurasa wake na anwani yake. Usiziweke zote kwenye ukurasa mmoja mrefu, kwa sababu siwezi kumtumia mama "nenda katikati, ile ya mia na arobaini". Na maandishi makubwa, tafadhali, na kitu chochote kinachorukaruka kwenye skrini usiweke.

---

Karani_Mstaafu (Dodoma)

Kuhusu leseni, maana naona kila mtu analikwepa.

Mwalimu mwenzako hajatunga. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu waombe leseni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Ada ya maombi laki moja, leseni milioni moja, na ada ya kila mwaka milioni nyingine. Wadau walikwenda Mahakama Kuu Mtwara kupinga, wakashindwa. Juni mwaka ule hata JamiiForums ilijizima kwa muda. Wengi waliokuwa na viblogu vya mapishi na mashairi walifunga, hawakuwa na milioni ya kuchezea. Mzee wa Mwanza anacheka blogu zilizokufa, lakini ziko ambazo hazikufa kwa uvivu.

Kanuni hizo ziliandikwa upya 2020, na 2022 zikafanyiwa marekebisho tena, kwa hiyo usimsikilize mtu anayekutajia ada za 2018 kama za leo. Kanga za shangazi si taarifa ya habari, lakini usichukue neno la mtu wa mtandaoni, likiwemo langu. Andika barua fupi kwa ofisi ya kanda ya TCRA: mimi ni fulani, nina mkusanyiko wa kanga, nataka kuuweka kwenye tovuti, siuzi, sitoi habari, je, natakiwa kuwa na leseni? Omba jibu la maandishi. Likija, lihifadhi pamoja na risiti ya domeni. Nimekaa ofisini miaka mingi, barua yenye muhuri wa kupokelewa ni kinga.

---

Boda_wa_Ntinda (Kampala)

Naongeza kidogo tu. Hapa kwetu Facebook ilifungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Kuna mama mmoja mtaani kwetu alikuwa anauza vikapu kupitia ukurasa wake wa Facebook, hana pengine popote. Wateja wake wa ndani ya nchi waliobaki ni wale tu wanaojua kutumia VPN, ile programu ya kupenya kizuizi, na hao si wanunuzi wa vikapu. Kwenu X ilifungwa Mei 2025. Tovuti nayo inaweza kufungwa, sikatai, lakini nani atahangaika kufunga ya kanga?

---

MzeeWaBando

@Boda_wa_Ntinda inategemea jina la kanga, ndugu yangu.

---

BintiSanduku

Nimecheka peke yangu ofisini.

Ahsanteni wote. Nimekaa na uzi huu tangu juzi na nimeshaamua baadhi ya mambo.

Akaunti siifungi. Nakala nimeshaiomba na imeshakuja, na fundi, ni kama ulivyosema, maneno ya watu hayamo. Nimeanza kunakili. Naanza na zile zenye mabishano, kama hiyo ya simba, za mashallah tupu naziacha. Kila kanga itakuwa na ukurasa wake, na mama wa Maskati herufi zitakuwa kubwa. Nitaanza na visutu kwa sababu ni vichache na maswali mengi ninayoulizwa ni ya maharusi. Barua ya TCRA naandika Jumamosi.

Kuhusu bando: fundi, kwa wale wasioweza kutoka nje nimefikiria hivi. Maelezo mafupi, mistari mitatu, nitayaacha kule kule chini ya picha. Yaani asiyeweza kuja asikose kila kitu. Au nitakuwa najiibia mwenyewe?

Na Mama Kibokoni, shikamoo mama. Nakuuliza wewe hasa. Kanga ya yule jirani ni "Hasidi hana sababu". Kule nilisimulia kisa chote, na jina la mtaa nililitaja, watu wakafurahi sana. Jirani mwenyewe alishafariki. Bintiye yupo, tunakutana sokoni, ni mtu mwema. Ila kisa ndicho kinachoifanya kanga ile iwe ile. Nikikitoa inabaki kanga ambayo kila nyumba ya Pwani inayo. Nifanyeje?

---

FundiCherehani_Moro

Hujiibii. Mistari mitatu iache. Atakayetaka zaidi atatafuta bando. Ila tarehe, jina la kiwanda na visa virefu vikae kwako tu, maana hivyo ndivyo vitakavyokuwa vinatafutwa na hivyo ndivyo mwenye duka yule atakavyoviiba kwanza.

Na ukimaliza visutu nitumie anwani. Mke wangu ameshaanza kuniuliza.

---

Mama_Kibokoni

Marahaba mwanangu.

Nenda kwa bintiye kabla hujaandika. Usimpelekee simu, mpelekee leso yenyewe umwonyeshe. Mwambie shangazi yangu aliivaa hii kwa ajili ya mama yako, na mimi nataka kuiandika. Akikasirika, weka jina la leso na pindo na mwaka, jirani mwache nje, na kule ulikotaja mtaa ukakufute leo. Lakini nakwambia kutokana na ninavyowajua watu: kuna uwezekano mkubwa akakwambia mama yake alijibu kwa leso gani. Hiyo ya jibu ukiipata, zipige picha pamoja, uziweke kwenye ukurasa mmoja.

---

BintiSanduku

Naenda kesho baada ya vipindi. Nitaleta mrejesho hapa hapa.

---

Kisiki_Kibichi

Kiti changu bado kipo. Mwenye kujua jina la kanga ya kijani yenye korosho nne pembeni na nyota katikati, mama anauliza, jina limefutika.

---

Mama_Kibokoni

Weka picha, na ugeuze upande wa nyuma. Nyuma hufutika polepole.